Fahamu: Mtoto asiyejua kusoma hupimwaje macho?

Mtoto wa miaka 4 huenda hajui herufi. Basi muuguzi wa shule nchini Marekani huweza kumwonyesha picha nne: nyumba, tufaha, duara na mraba, alizobuni daktari wa Finland, Lea Hyvärinen. Akiona haya kutaja, hunyooshea kidole picha inayofanana kwenye kadi iliyo mapajani mwake. Jicho moja huzibwa kwa plasta. Kiganja hakifai, watoto huchungulia kati ya vidole!

Kinachosakwa hasa ni jicho vivu. Ubongo hulipuuza jicho linaloleta picha hafifu, nalo huzidi kudhoofika. Mtoto halalamiki, kwani hajawahi kuona vinginevyo. Akigundua tatizo, muuguzi hatoi miwani. Humpa mzazi barua ya kumwona daktari wa macho, ambaye pengine ataliziba jicho lenye nguvu ili lile vivu lifanye kazi.