Nyumba ya Mtaa wa Zamani: Uliza Haya Kabla Hujatoa Arubuni

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia baada ya swala ya Alasiri, yeye na mkewe na kitoto chao cha miezi minane. Wanakaa Bamburi, ghorofa ya nne, nyumba mpya ya vyumba viwili. "Mjomba," akaniambia, "tumeonyeshwa nyumba Kibokoni. Dalali ataka arubuni kabla ya Ijumaa." Nikamuuliza, "Anayeuza ni nani?" Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama mtoto.

Basi tukaketi. Niliyowaambia siku ile nayaandika hapa, kwa sababu si wao peke yao. Nawasikia vijana waliovuka daraja la Nyali wakaenda Kisauni, Utange hadi Mtwapa, ambao sasa wanatamani kurudi kisiwani: Mji wa Kale, Kuze, Bondeni, Majengo, Tudor. Siwalaumu. Mzazi mwenye mtoto mdogo anayefanya kazi mjini anaijua foleni ya daraja asubuhi. Usiku mtoto akishikwa na homa, aliyeko kisiwani yuko karibu na ile hospitali kuu ya Pwani tuiitayo Makadara. Msikiti uko hatua chache, madrasa mtoto huenda kwa miguu, na jirani anamjua nyanya yako kwa jina. Huyu mke wa mpwa wangu aliniambia kuwa kule ghorofani amekaa mwaka mzima na hajui jina la mlango wa pili. Hilo ndilo lililomchosha, si ngazi.

Lakini nyumba ya zamani ina mambo yake, na la kwanza ni ardhi.

Nimezaliwa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma na jiko na choo. Marehemu babangu aliijenga kwa jasho lake. Ardhi haikuwa yake. Kila mwezi alilipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe, na risiti akazitia kwenye mkebe wa biskuti. Huku kwetu jambo hili ni la kawaida na la zamani: nyumba ni mali ya huyu, kiwanja ni mali ya yule. Mambo yalituharibikia mwenye ardhi alipofariki na warithi wake wakauza. Mwenye ardhi mpya hakutaka kodi, alitaka kiwanja. Tuliishi miaka miwili hatujui kama tutalala pale mwezi ujao, na mwishowe tulipewa fidia isiyotosha hata kununua mabati. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba Majengo au Kisauni bei yake ni nafuu ajabu, uliza kwanza: ni nyumba na ardhi, au ni nyumba bila ardhi? Ikiwa ni bila ardhi, bado waweza kununua, lakini ujue unanunua kuta na paa, na maandishi kati yako na mwenye kiwanja ndiyo kinga yako.

Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukafanye searchi. Usitosheke na fotokopi ya dalali. Pwani hii hati zina historia ndefu. Tangu sheria ya 1908 iliyowataka watu wa ukanda wa pwani waandikishe madai yao ya ardhi, kuna waliopata hati na kuna waliobaki na mdomo mtupu. Athari yake tunaiona mpaka leo.

Jambo la pili ni warithi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ziko kwa jina la mtu aliyefariki kitambo. Mirathi haijagawanywa. Anayekuonyesha nyumba ni mtoto mmoja kati ya tisa, na pengine wawili wako Muscat na mmoja Jeddah. Kila mrithi ana fungu lake, awe mwanamume au mwanamke, na asiyeridhia anaweza kukupeleka mahakamani baada ya wewe kupaka rangi. Omba uone uamuzi wa Mahakama ya Kadhi kuhusu mirathi hiyo na sahihi za warithi wote. Vilevile uliza kama nyumba ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, hata muuzaji awe na uso wa huruma kiasi gani. Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa, kauliza.

Tukija kwenye jengo lenyewe. Nyumba kongwe za mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba; upana hufuata urefu wa boriti, mita tatu hivi. Pima kitanda chako kabla. Gonga boriti kwa fimbo usikie kama mchwa wamekula ndani, na tazama zilipoingia ukutani, maana hapo ndipo maji hujificha. Fundi akikwambia upige plasta ya saruji ukuta wote, mkatalie. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na baada ya misimu michache plasta inabanduka na jiwe limelika. Tena Mji wa Kale unalindwa kisheria. Kabla ya kubomoa roshani, kubadilisha mlango au kuongeza ghorofa, pita ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa na ya kaunti.

Maji tusidanganyane. Mifereji hukauka, na visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, tena viko karibu na vyoo vya shimo. Maji ya kisima ni ya kufulia na kudekia, si ya kumpa mtoto. Hesabu gharama ya tangi na ya mitungi ya mkokoteni.

Na mtaa wenyewe uende mara tatu: asubuhi, baada ya Isha, na usiku wa manane. Unga umetuharibia vijana, na kuna vichochoro mtu hapiti na mtoto. Pia gari la zimamoto haliingii kila njia. Kaa barazani, nunua mahamri, uliza akina mama. Wao husema ukweli ambao dalali hausemi.

Mpwa wangu hakutoa arubuni. Ilibainika warithi ni saba, na dada yao mkubwa aliyeko Muscat hakuwa hata na habari kuwa nyumba inauzwa. Kwa sasa wamepanga ghorofa ya juu nyumba ya tatu kutoka pale, kwa mwaka mmoja, waonje mtaa huku warithi wakienda kwa Kadhi. Juzi alinipigia simu saa mbili usiku. Nilidhani kuna balaa. Kumbe alitaka namba ya fundi wa chokaa.