Mizani Peke Yake Haitoshi



Kila aliyefanya kazi kwenye vituo vya kuoshea kahawa vya Gitega na Muyinga anajua jambo hili: gunia la kahawa yenye maji na gunia la kahawa kavu, hata zikiwa kilo sawa, si mali moja. Mwili wa mgonjwa ni hivyo hivyo.

Mwili una maji, mafuta, mifupa na misuli. Magonjwa ya muda mrefu kama kifua kikuu na SIDA hula misuli, na misuli ndiyo nguvu ya kazi. Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za wagonjwa wa Rakai, Uganda, waliokonda mno hata wenyeji wakauita ugonjwa huo Slim. Ilikuwa SIDA.

Kipimo cha kwanza ni uzito na kimo. Zidisha kimo cha mita kwa kimo hicho hicho, kisha gawa kilo kwa jibu hilo. Mtu mzima wa mita 1.65 na kilo 50 anapata 18.4. Chini ya 18.5 ni kukonda kupita kiasi. Lakini hesabu hii haioni maji. Mgonjwa wa figo au moyo huvimba miguu, mizani ikapanda, huku misuli inakwisha.

Kipimo cha pili ni utepe. Muuguzi hupima mkono wa juu ukining'inia, katikati ya bega na kiwiko. Uvimbe huanza zaidi miguuni, kwa hiyo mkono husema kweli ambayo mizani imeficha.

Kipimo cha tatu ni mashine ya hospitali kubwa. Hupitisha umeme mdogo usiosikika mwilini. Umeme hupita upesi penye maji na misuli, na huzuiwa na mafuta. Hata hiyo hukosea mwili ukivimba.

Kwa nini haya yatuhusu? Dawa za kifua kikuu hutolewa kulingana na kilo za mgonjwa. Kilo za zamani zikiandikwa, kipimo cha dawa kitakosewa. Tena, mwenzetu anayekonda huitwa mvivu, au husemwa amerogwa, mpaka kibarua chake kinaota nyasi, kumbe ni mgonjwa wa kutibiwa.

Basi tufanye hivi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na anayekonda aende kituo cha afya mara moja. Kila mgonjwa aombe uzito wake uandikwe kwenye kadi kila anapokwenda, apate kulinganisha. Na wajumbe wa chama wadai mizani na utepe mahali pa kazi, wakisisitiza kuwa matokeo ni siri ya mgonjwa na mganga wake, si silaha ya msimamizi ya kufukuzia watu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mfanyakazi ni mwili wake.