Ofisa wa Serikali Aliyefungua Njia ya Mlima Kenya

Watu wa Kawangware na Kibera waendao kazini kwa miguu alfajiri huinamisha vichwa watazame njia, nao hawana kosa, maana matope ya wakati wa mvua hayana huruma. Lakini siku isiyo na mawingu, mtu akisimama mahali palipoinuka katika Nairobi na kuelekeza macho kaskazini, aweza kuuona Mlima Kenya, mwendo wa kilomita 140 hivi. Wengi huuona wakapita zao. Ni wachache wajuao kwamba njia ya vilele vyake ambayo wapandaji wengi huifuata hata leo ilifunguliwa na ofisa kijana wa utawala.

Ofisa huyo ni Percy Wyn-Harris. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1903, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko akajifunza kupanda milima pamoja na wanafunzi wenzake. Mwaka wa 1926 aliletwa Kenya kuwa ofisa wa Serikali katika wilaya.

Wakati huo Mlima Kenya ulikuwa umepandwa mara moja tu hadi Batian, kilele cha juu kabisa, chenye urefu wa mita 5,199. Aliyefika ni Halford Mackinder, mwaka wa 1899, akiwa na viongozi wawili kutoka milima ya Italia, Ollier na Brocherel. Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina ya laiboni wa Kimasai: Batian, Nelion na Lenana. Baada yake ikapita karibu miaka 30, wala hapana mwingine aliyefika Batian.

Hata ilipofika Januari 1929, Wyn-Harris akafuatana na Eric Shipton, kijana aliyekuja Kenya kwa kazi ya shamba. Walishika njia mpya upande wa kusini-mashariki, wakafungana kamba, mmoja akipanda na mwenziwe akishikilia imara. Wakafika Nelion, ambako hakuna aliyejulikana kufika kabla yao. Kisha wakavuka pengo lililo kati ya vilele viwili, wakasimama juu ya Batian.

Sifa zao zilienea mbali. Mwaka wa 1933 wote wawili walichukuliwa katika msafara wa Waingereza kwenda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja shujaa. Kambi ziliwekwa moja juu ya nyingine, chakula na mahema vikapandishwa hatua kwa hatua, na wapagazi wa kabila la Sherpa ndio waliobeba mizigo mpaka kambi ya mwisho, mahali ambapo kuvuta pumzi tu ni kazi. Bila migongo yao hapana Mzungu ambaye angelala huko.

Tarehe 30 Mei 1933 Wyn-Harris na mwenzake Lawrence Wager walitoka kambi hiyo ya juu. Hawakwenda mbali sana, Wyn-Harris akaona shoka la barafu limelala juu ya mwamba. Lilikuwa la mmoja wa wale wawili, Mallory na Irvine, waliopotea katika mlima huo mwaka wa 1924 wasirudi tena. Watu hawa wawili wakaendelea, bila hewa ya mitungi, hata wakafika yapata mita 8,570. Kilele kilikuwa kimebaki chini ya mita 300. Lakini saa sita za mchana zilikuwa zimekwisha pita, na theluji iliyofunika miamba ilikuwa laini kama unga, isiyoshika mguu. Wakapima saa, wakapima nguvu zao, wakageuka.

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mtu aliyekwisha kuona shoka la marehemu njiani hakuhitaji kukumbushwa. Huenda wako waliosema kwamba alikosa ujasiri. Lakini kurudi kwake ndiko kulikompa maisha marefu. Alikwenda Everest tena mwaka wa 1936, akarudi kazini Kenya, na mwaka wa 1947 akawa Kamishna Mkuu wa Mambo ya Waafrika. Mwaka wa 1949 alifanywa Gavana wa Gambia, akakaa huko hadi 1958. Alipostaafu alizunguka dunia kwa mashua yenye matanga. Alikufa mwaka wa 1979.

Mwaka ule ule wa 1949 alipoondoka Kenya, Mlima Kenya ulifanywa hifadhi ya taifa, na Chama cha Wapanda Milima cha Kenya kikaanza kusimama peke yake, baada ya kuwa tawi la chama cha Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi mchezo huu ulionekana kuwa wa Wazungu, na Mwafrika akajulikana kwa mzigo aliobeba tu. Lakini usiku wa Uhuru, Desemba 1963, aliyeisimamisha bendera mpya ya Kenya juu ya mlima alikuwa Mwafrika, Kisoi Munyao. Na mwaka wa 2022 mwalimu Mkenya, James Kagambi, alifika kilele cha Everest chenyewe, akiwa na umri uliopita miaka 60.

Nyumba ya chama hicho iko katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, si mbali na Kibera. Kijana wa Kibera au Kawangware atakayetamani mlima na ajue kwamba nguvu za miguu hazitoshi. Yampasa kujifunza kamba, kumheshimu anayembebea mzigo, na kutazama saa. Kilele hakihami, aliyerudi salama aweza kukijia tena.