Kiinua Mgongo cha Abaseveni

Ukitoka Jinja mjini ukaelekea kaskazini, ukauacha Mto Nile mkono wa kushoto, hukawii kuingia Budondo. Ni nchi ya migomba, mibuni na miwa, na wageni wengi huijua kwa sababu ya mto tu. Maporomoko ya Bujagali yalinguruma hapa hadi maji ya bwawa yalipoyafunika mwaka 2011. Wenyeji walishapewa ahadi nyingi kuhusu bwawa hilo, nyingine zikatimia, nyingine bado wanazidai. Lakini kila nikisikia habari za mpango na fidia katika upande huu wa Busoga, akili yangu hurudi kwenye deni la zamani zaidi: la vijana walioitikia mwito wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi nyumbani kukuta serikali imeshawapangia maisha.

Keya ndilo jina walilolipa jeshi la King's African Rifles. Waganda zaidi ya 70,000 walivaa sare wakati wa vita hivyo, wengine kama wapiganaji, wengine kama madereva, wapishi, makarani na wauguzi. Batalioni ya saba ilikuwa ya Uganda, na watu wakawaita askari wake abaseveni, yaani wale wa saba. Jina hilo lilibeba heshima kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa Ankole mwaka 1944 alipewa liwe lake. Leo dunia inamjua kama Yoweri Museveni.

Heshima hiyo ilinunuliwa kwa gharama. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa kwa topido na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi. Ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika, matope yakifika magotini na malaria ikiangusha watu pamoja na risasi, hadi Kalewa kando ya mto Chindwin.

Vita havijaisha, wakuu wa makoloni walikuwa wameshaanza kujiuliza: watu hawa wakirudi, tutawafanya nini? Jibu lililotawala katika ofisi za Afrika Mashariki lilikuwa kwamba askari alitoka shambani, basi atarudi shambani. Atapewa kiinua mgongo chake na hati ya kuachishwa jeshi, atapanda gari hadi kwao, atashika jembe. Mwishoni mwa 1946 Uganda ikapata mpango wake wa maendeleo wa miaka kumi, ulioandikwa na Worthington, mwanasayansi aliyeyajua maziwa na samaki wa nchi hii vizuri sana. Nia njema ilikuwemo, siikatai. Kilichokosekana ni kumtazama mtu mwenyewe aliyeshuka garini.

Maana aliyeshuka hakuwa yule aliyepanda. Mfikirie kijana wa Budondo aliyeandikishwa mwaka 1941 akiwa hajui kusoma. Jeshini amejifunza kuendesha lori na kulitengeneza likiharibika porini. Amekaa darasani kwa walimu wa kikosi cha elimu cha jeshi, akajua kuandika barua kwao mwenyewe bila kumwomba karani. Amezoea Kiswahili cha jeshini, akazungumza na Mnyasa, Mkamba na Msukuma kama ndugu. Amewaona Waingereza wakiogopa na wakifa. Robert Kakembo, Mganda aliyekuwa ofisa mdogo katika kikosi hichohicho cha elimu, aliyaeleza hayo katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1946, An African Soldier Speaks. Alitaka wenzake wapewe elimu na nafasi ya kufanya biashara. Mtu aliyepewa jembe baada ya usukani atalishika kwa sababu ana njaa, lakini usiandike kwenye ripoti kwamba amerudi kawaida.

Na pesa yenyewe? Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha waraka wa Uingereza ulioonyesha jinsi bakshishi ya mwisho wa vita ilivyopimwa. Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi koloni la Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi. Mwafrika wa cheo hichohicho alihesabiwa shilingi 3 na senti 50. Kwa miaka minne, mmoja alistahili 480, mwingine 168. Kijana wetu wa Budondo angeweza kwa shilingi 168 kulipa sehemu ya mahari, kununua nguo, labda baiskeli. Lori hangelipata. Kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho ndicho kilichokuwa na faida Busoga, kilikuwa mikononi mwa kampuni za Waasia na Wazungu. Ofisini angehesabiwa kuwa amelipwa, jina lake likatiwa alama, na faili likafungwa.

Kisha ukaja mradi mkubwa kuliko yote, kilomita chache tu kutoka nyumbani kwake. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Malkia Elizabeth akalifungua tarehe 29 Aprili 1954. Jinja ikapata kiwanda cha nguo na cha kuyeyushia shaba. Mafundi wa daraja la juu waliagizwa kutoka Ulaya, ilhali nchi ilikuwa imejaa watu waliofundishwa na jeshi lilelile la Mwingereza kufunga injini na kuunganisha nyaya za simu. Mwaka 1955 Uganda ikakubali kuiuzia Kenya umeme wa bwawa hilo kwa miaka 50, na vijiji vya jirani vikaendelea kuwasha vibatari.

Busoga ingepaswa kujua kuliko sehemu nyingine yoyote kwamba malipo ya askari si jambo la kuahirisha. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliochoshwa na safari na ujira mdogo waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba ukingoni mwa ziwa, na serikali changa ya Uganda ikatikisika. Januari 1964, katika kambi ya Jinja, batalioni iliyorithi Keya ilimzuia waziri Felix Onama ikidai mshahara zaidi. Miaka 67 ilipita kati ya matukio hayo, na madai ni yaleyale.

Mwaka huohuo wa 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliompigania jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck huko Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee wapatao mia tatu na zaidi, wachache tu wakiwa na hati. Mlipaji akampa kila asiye na karatasi fimbo ya ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Nusu karne ilikuwa imepita na miili yao bado inakumbuka amri. Malipo yalichelewa mno, lakini angalau kuna mtu aliyewaita kwa mstari na kuwatazama usoni.

Uingereza ilitangaza mwaka 2018 msaada wa takriban pauni milioni 12 kwa wazee 7,000 hivi waliowahi kuwa askari wake katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane, ili wapate milo miwili kwa siku. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha alikuwa na 93.