Koni za msindano: umri, jeni na uongo wa chupani

Swali linaloletwa sana na wapanda miti ni hili: mbona msindano wa jirani umejaa koni na wangu, wa umri uleule, hauna hata moja? Mitaani majibu ni mawili. La kwanza, kwamba mti usiozaa ni dume. Si kweli hata kidogo. Msindano, ile paina yenye asili ya Mexico iliyojaa kwenye shamba la miti la Sao Hill na kwenye mashamba ya watu binafsi, hubeba koni za kiume na za kike kwenye mti mmoja. Za kike hukaa zaidi juu, za kiume chini yake. Jibu la pili ni chupa ya "homoni ya uzazi", eti ukiinyunyiza tu mti unabeba. Hili lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana linawanasa wengi.

Kinachotangulia ni umri, na mti huuhesabu kwa jeni zake. Ushahidi mzuri umetoka kwa ndugu wa msindano aishiye Ulaya, sprusi wa Norway, ambaye kwa kawaida hungoja miaka 20 au zaidi kabla ya koni ya kwanza. Iko aina yake moja, acrocona, inayotoa koni ikiwa bado mche wa miaka michache, tena kwenye ncha za matawi ambako yangeota majani. Mwaka 2022 watafiti wa Sweden walieleza sababu. Mti mchanga umejaa kipande kifupi cha RNA kiitwacho miR156, ambacho kazi yake ni kuunasa ujumbe wa jeni za kundi la SPL na kuuzima kabla haujazaa protini. Miaka inavyopita miR156 hupungua, SPL hupata nafasi, nazo huamsha jeni zinazokiamuru kichipukizi kiwe koni badala ya tawi. Katika acrocona, herufi moja ya DNA imebadilika, na imebadilika palepale ambapo miR156 ilipaswa kushika. Haishiki tena. Mche unajiona mzee! Katika jenomu, yaani DNA yote ya mti, iliyo kubwa kuliko yetu karibu mara saba, herufi moja inatosha kufuta miaka ya kungoja.

Mwenye chupa atapinga: mbona bustani za mbegu za Canada hutumia homoni? Hutumia, lakini angalia ipi na kwa mti gani. Homoni hizo huitwa jiberelini, nazo ni zaidi ya 100. Jamaa ya saipresi huitikia jiberelini namba 3, hata miche isiyotimiza mwaka. Jamaa ya paina haiijali sana hiyo. Mtafiti Richard Pharis na wenzake walionyesha miaka ya 1970 kwamba inataka mchanganyiko wa namba 4 na 7. Namba 3 ndiyo iliyo rahisi kupatikana, kwa kuwa hutumiwa kwenye zabibu, kwa hiyo huenda ndiyo iliyomo chupani. Isitoshe, miti ya bustani hizo hubebeshwa vikonyo vilivyokatwa kwenye miti mizima, kwa hiyo umri umeshakuja na kikonyo, na dawa hutiwa katika majuma machache ambayo kichipukizi kinaamua kuwa koni au tawi. Anayenyunyizia shamba zima la miche siku yoyote aliyopata nafasi anamwaga fedha.

Wapo pia wapiga misumari, wanaopigilia misumari kwenye shina ili kuutesa mti uzae. Ni kweli kwamba kuukata mti nusu pete ya gome, kupunguza mizizi au ukame huweza kuongeza koni, pengine kwa kuifanya miti ya jamaa hii ilimbikize zile jiberelini zinazofaa. Lakini koni ya kike ya paina huamuliwa msimu kabla haijaonekana, na baada ya chavua huchukua karibu miaka miwili kukomaa. Aliyepigilia misumari mwezi jana na leo anaonyesha koni anasifia kazi ya mwaka jana.

Kwa ufupi basi: mti wa jirani huenda una jeni za kuzaa mapema, na tabia hiyo hurithiwa, lakini sukari iliyokwenda kwenye koni haikwenda kwenye shina. Kama unataka mbao, usikimbilie mbegu za mti uliojaa koni kuliko yote. Nunua mbegu kwa anayeweza kukutajia zilikotoka, na muuza chupa asiyejua jiberelini yake ni namba ngapi usimpe hata shilingi.