Picha ya Mishipa Inayoulisha Moyo

Nyumba nyingi za huku Bashay zimepata kusikia habari ya mtu aliyeambiwa hospitalini ya kuwa mshipa wa moyo wake umesonga, na ya kuwa imempasa kusafiri mbali akapigwe picha ya ndani. Habari hii hufika kijijini imekwisha kuharibika njiani. Huyu husema mgonjwa atapasuliwa kifua. Yule husema atatiwa waya moyoni wala hatarudi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kipimo hiki ni nini, na hasa kinampa daktari habari gani, maana hapo ndipo wengi hukosea, hata waliosoma.

Moyo ni nyama, nao hutaka chakula kama nyama nyingine za mwili. Damu ijaayo ndani ya vyumba vyake siyo inayoulisha. Hulishwa na mishipa miwili itokayo penye shina la mshipa mkuu, mmoja wa kuume na mmoja wa kushoto, na huu wa kushoto hugawanyika mara na kuwa miwili mikubwa. Yauzunguka moyo kama taji, ndiyo maana wataalamu huiita mishipa ya koronari, kwa neno la Kilatini lenye maana ya taji. Tumbaku, presha, kisukari na mafuta yaliyozidi katika damu huuharibu ukuta wa mishipa hii kwa miaka mingi, hata njia ikawa nyembamba.

Sisi tunaomwagilia vitunguu saumu twajua mambo ya mfereji. Tope likijaa kidogo, maji ya kiangazi chepesi yatatosha. Lakini jua likiwa kali na shamba likitaka maji mengi, ndipo miche ya mwisho inyaukapo. Moyo ni vivyo hivyo. Mshipa ukipungua upana wake nusu, nafasi ya kupitia damu imebaki robo tu. Hata hivyo mtu aliyeketi huenda asisikie neno. Akipanda mlima na mzigo, kifua humbana kama amefungwa kamba, na pengine maumivu humshuka mkono wa kushoto au kupanda mpaka taya. Akisimama kupumzika, huachia. Mtu aonaye hivyo asiseme ni kichomi tu.

Sasa, eksirei huonyesha mifupa, lakini damu haionekani kwake. Ilibidi kutafuta njia ya kuitia dawa yenye kuzuia miali, tena pale pale penye mshipa utakiwao. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijichoma mshipa wa mkono wake mwenyewe, akapitisha mpira mwembamba mpaka moyoni, kisha akaenda kwa miguu mpaka chumba cha eksirei apigwe picha. Mkubwa wake alikuwa amemkataza. Mwaka 1956 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, lakini sisi hatumshauri mtu kumwiga.

Tena mwaka 1958, huko Cleveland, Marekani, Dr. Mason Sones alikuwa akipiga picha ya mshipa mkuu, na mpira ukateleza ukaingia katika mshipa wa kuume wa moyo. Dawa nyingi ikamiminika humo. Moyo wa mgonjwa ukasimama. Sones akamwamuru akohoe, akakohoa, ukaanza tena kupiga. Kabla ya siku ile madaktari walidhani jambo hilo lingemwua mtu. Kumbe likawafungulia njia, na tangu hapo mishipa ya koronari ikapigwa picha kwa makusudi, kwa dawa kidogo.

Siku hizi mpira huo hupitishwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena. Mahali pa kuchoma hutiwa ganzi, na mgonjwa yu macho, huzungumza na daktari. Mpira ukipita ndani ya mshipa hausikiki. Kifua hakipasuliwi. Hatari zipo, kama kuvuja damu, figo kuchoshwa na dawa, au mwili kuikataa. Lakini ni za watu wachache.

Na picha hii si picha ya kusimama kama ile ya ukutani, bali hutembea kama sinema. Daktari haangalii upana wa njia peke yake. Huangalia dawa inavyokwenda. Tangu mwaka 1985 wametumia madaraja manne yaitwayo TIMI. Sifuri, hakuna kinachopita penye kizuizi. La kwanza, dawa hupenya kidogo isifike mwisho. La pili, hufika mwisho lakini kwa kukawia. La tatu, hupita kama ipasavyo.

Hata hivyo jicho hudanganyika. Mahali palipoonekana pembamba sana pengine hupitisha damu ya kutosha, na mahali palipoonekana pazuri pengine hapapitishi. Kwa hiyo hupitishwa uzi mwembamba wenye kupima msukumo wa damu kabla ya kizuizi na baada yake, moyo ukiwa umechochewa kwa dawa. Msukumo wa mbele ukiwa umebaki sehemu 80 katika 100 au chini yake, kizuizi hicho kinaunyima moyo. Mwaka 2009 yalitolewa majibu ya utafiti wa wagonjwa 1,005 wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyosonga. Waliozibuliwa kwa kufuata picha tu, 18 hivi katika kila 100 walipatwa na kifo, shambulio la moyo au kuzibuliwa tena katika mwaka mmoja; waliopimwa msukumo kwanza walikuwa 13. Nao walitiwa vyuma vya kupanulia mshipa vichache zaidi! Basi mtu akiambiwa kwamba mshipa wake umesonga lakini atatumia vidonge tu, asidhani amenyimwa tiba kwa umaskini wake.

Kipimo hiki hupatikana nchini mwetu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo Muhimbili, Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 2015, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ina chumba cha kazi hiyo. Kwetu ni safari ya kushuka Babati, kupita Kondoa mpaka Dodoma, na tangu 2024 waendao Dar es Salaam hupanda treni ya umeme toka hapo.

Lakini maumivu yakija ghafula, yasiachie, na jasho likitoka, safari hiyo si ya kuanza nayo. Apelekwe upesi Haydom, au hospitali yo yote iliyo karibu, apimwe umeme wa moyo. Utafiti wa Moshi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa katika waliofika chumba cha dharura wakiumwa kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo, na ni wachache mno waliotambuliwa. Kwa hiyo mwenye kumsindikiza mgonjwa aulize kwa adabu, Je, moyo umepimwa?

Aendaye kupigwa picha achukue dawa zake zote, awaambie madaktari kama ana kisukari au ugonjwa wa figo, au kama dawa yo yote imewahi kumdhuru. Akirudi, anywe maji ya kutosha kama alivyoagizwa, na kwa siku chache asinyanyue ndoo kwa mkono ule uliochomwa.