Neno "Shall" na Tatizo la Kulifasiri: Baina ya Wajibu na Wakati Ujao

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtaabisha mfasiri wa Kiswahili, yaliyo magumu zaidi si yale marefu ya kitaalamu. Neno la kitaalamu, hata likiwa geni, aghalabu huwa na maana moja iliyowekewa mipaka. Mfasiri akishalipatia istilahi inayofaa, kazi yake imekwisha. Taabu imo katika maneno madogo ya kila siku, ambayo msemaji huyatamka bila kuyafikiri na msomaji huyapita bila kuyaona. Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la aina hiyo, nalo ni kitenzi kisaidizi "shall".

Mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu hufundishwa kwamba neno hili ni alama ya wakati ujao, na kwamba mwenziwe katika Kiswahili ni kiambishi -ta-. Fundisho hili si uongo, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli. Mwanafunzi huyo akikua na kuwa mfasiri wa sheria, hubeba fundisho hilo pamoja naye, na matokeo yake ni vifungu ambavyo msomaji wake hawezi kujua kama anaamriwa, anaahidiwa au anatabiriwa. Tutaanza na asili ya neno, tutaeleza matumizi yake katika Kiingereza, kisha tutayapima maumbo ya Kiswahili yanayoweza kuyabeba matumizi hayo.

2. Asili ya neno

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa kitenzi kamili, "sceal", na mojawapo ya maana zake za mwanzo ilikuwa kudaiwa. Aliyelitumia alisema kwamba ana deni, liwe la fedha au la heshima. Ndugu zake wangaliko katika Kijerumani: kitenzi "sollen", chenye maana ya kupaswa, na jina "Schuld", lenye maana ya deni na vilevile hatia. Kutoka katika deni neno lilipanuka likawa wajibu, kwa sababu mwenye deni hana budi kulipa. Na kutoka katika wajibu likapanuka tena likawa wakati ujao, kwa sababu linalopaswa kutendwa hutazamiwa kutendwa baadaye.

Mwenzake wa karibu, "will", alitoka upande mwingine. Yeye asili yake ni kutaka. Kwa hiyo Kiingereza kiliujenga wakati ujao wake kwa matofali ya aina mbili, deni na matakwa, na kwa karne nyingi wasemaji wake wamebishana ni tofali lipi litumike wapi. Mwaka 1653 John Wallis alichapisha sarufi ya Kiingereza, iliyoandikwa kwa Kilatini, ambamo aliweka kanuni iliyokuja kufundishwa kwa muda mrefu: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, bali katika nafsi ya pili na ya tatu huamuru, huahidi au hutisha, na "will" hufanya kinyume chake.

Walimu wa zamani walipenda kuieleza kanuni hiyo kwa kisa cha mgeni aliyetumbukia mtoni nchini Uingereza. Alipoanza kuzama alipiga kelele, lakini aliyabadilisha maneno haya mawili mahali pake. Alikusudia kusema kwamba anazama na hakuna wa kumwokoa. Waliokuwa ukingoni wakasikia kwamba ameazimia kuzama na kwamba anamkataza yeyote asimwokoe. Kwa kuwa walikuwa watu wa adabu, wakamwacha. Kisa ni cha kuchekesha tu, lakini kinatukumbusha kwamba baina ya utabiri na amri pana umbali mkubwa, na kwamba umbali huo waweza kufichwa ndani ya silabi moja.

3. Matumizi katika Kiingereza cha leo

Katika mazungumzo ya kawaida neno hili limepungua sana, hasa Marekani. Lililobaki zaidi ni swali la kutaka ridhaa, kama mtu aulizapo, "Shall I open the window?" Ifahamike kwamba hapa hakuna wakati ujao unaoulizwa. Mswahili hasemi, "Je, nitafungua dirisha?", jambo ambalo lingemfanya msikilizaji ashangae kwa nini anaulizwa habari za kesho. Husema, "Nifungue dirisha?" Umbo la kitenzi linaloishia kwa -e limemtosheleza, na tayari tumeona kwamba -ta- si mwenzi wa daima wa neno hili.

Mahali ambapo neno hili lingali na nguvu kamili ni katika sheria, mikataba na kanuni. Humo hufanya kazi zisizopungua tano. Kwanza, humpa mtu wajibu: afisa fulani aweke daftari. Pili, hukataza: mtu yeyote asiingie. Tatu, huanzisha kitu ambacho hakikuwako: pawe na tume. Nne, hutoa haki au hadhi: mjumbe awe na haki ya kulipwa posho. Tano, hueleza jambo litakalotokea baadaye, kama vile siku ambayo sheria itaanza kutumika.

Ipo njia nyepesi ya kuzipambanua kazi hizi. Na tujiulize: lisemwalo lisipotokea, kosa ni la nani? Ikiwa sentensi inatoa wajibu au inakataza, kosa ni la mtu. Afisa asiyeweka daftari amevunja sheria. Ikiwa sentensi inatabiri, kosa ni la sentensi yenyewe. Imesema uongo, wala hapana wa kushtakiwa. Na ikiwa sentensi inaanzisha kitu au inatoa hadhi, swali lenyewe halina mahali, kwa sababu tume imekwisha kuwako kwa kule kutamkwa tu na mwenye mamlaka. Neno moja la Kiingereza limezibeba sentensi za namna zote tatu, na humwachia msomaji kazi ya kuzichambua.

Wenye lugha wenyewe wamekwisha kuiona hatari hiyo. Afrika Kusini, ambayo katiba yake ya mpito ya mwaka 1993 ilitumia "shall", ililiacha neno hilo katika katiba ya mwaka 1996 na badala yake ikatumia "must" mahali pa wajibu. Nchini Marekani kanuni za mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho ziliandikwa upya mwaka 2007, na neno hili likaondolewa. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kama zilivyo katiba nyingi zilizofuata mapokeo ya Kiingereza, imelihifadhi.

4. Maumbo ya Kiswahili

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi "taka". Athari ya asili hiyo ingali inaonekana katika vitenzi vya urejeshi, kama "atakayekuja", ambamo umbo la zamani limebaki zima. Jambo hili lina maana kwetu: kwa nasaba, -ta- ni ndugu wa "will", wala si ndugu wa "shall". Ndugu wa "shall", kwa maana ya deni na wajibu, tunapaswa kuwatafuta kwingine: katika kitenzi "pasa" na umbo lake "paswa", katika "lazima", "sharti" na "wajibu", tulizozipokea kutoka Kiarabu, katika "hana budi", na zaidi ya yote katika umbo la -e, ambalo halikuazimwa popote.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kudai kwamba kila aliyefasiri kwa -ta- amekosea. Baba amwambiapo mwanawe, "Kesho utaamka mapema, utawapeleka ng'ombe mtoni, kisha utapita dukani," hakuna mtoto atakayedhani kwamba baba yake anatabiri. Hiyo ni amri, tena amri isiyokusudia kujadiliwa. Kwa hiyo -ta- yaweza kuamuru. Lakini inaamuru kwa nguvu ya nani? Si kwa nguvu yake yenyewe, bali kwa nguvu ya baba: sauti yake, mahali pake katika nyumba, na ukweli kwamba anamkabili mtoto ana kwa ana katika nafsi ya pili. Ondoa hayo yote, uiweke sentensi katika nafsi ya tatu na katika karatasi, na amri itaanza kuyeyuka. "Afisa ataweka daftari" yaweza kuwa amri. Yaweza pia kuwa habari.

Katika ukanushi tatizo huzidi. Tuzilinganishe sentensi hizi: "Hakuna mtu atakayenyimwa chakula" na "Mtu yeyote asinyimwe chakula." Ya kwanza ni bishara njema, yafaa itamkwe na mwenye karamu. Ya pili inamwelekea yule mwenye uwezo wa kunyima, na kumzuia mkono. Mfungwa gerezani anaihitaji ya pili.

Kwa upande mwingine, umbo la -ta- linafaa kabisa katika sentensi za kuanzisha. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inakianzisha cheo cha Rais kwa maneno "kutakuwa na", na msomaji hapati shida, kwa kuwa hapana mtu anayepewa kazi ya kutenda. Tofauti iko hapo: kuanzisha hakuhitaji mdaiwa, bali wajibu unamhitaji.

5. Mifano miwili kutoka Katiba ya Kenya

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Mifano miwili itaonyesha kwamba sivyo.

Ibara ya 81 ya Katiba ya Kenya inasema, kwa kutumia "shall", kwamba mfumo wa uchaguzi ufuate kanuni kadhaa, na mojawapo ni kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, Mahakama ya Juu iliombwa ushauri: je, kanuni hiyo ilipaswa kutimizwa katika uchaguzi huo, au ingetimizwa hatua kwa hatua? Katika ushauri uliotolewa tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walilichunguza neno "shall" lenyewe. Walisema, kwa muhtasari, kwamba neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi inayotakiwa iko wazi na tayari kutekelezwa bila matayarisho mengine. Waliona kwamba kanuni hii haikuwa hivyo, nao wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015 ili sheria inayohitajika iwe imetungwa. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, alitofautiana nao.

Si kazi yetu kuamua ni nani aliyekuwa na haki kisheria. Lakini mwanaisimu ataona jambo moja: kiima cha sentensi ile ni mfumo, si mtu. Ni deni lililoandikwa bila jina la mdaiwa wala siku ya kulipa.

Mfano wa pili una majina ya wadaiwa. Ibara ya 261 inaeleza kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria iliyotakiwa, hata baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu amshauri Rais alivunje Bunge, na Rais alivunje. Vitenzi vyote viwili vimetanguliwa na "shall". Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo kwa sababu ya sheria ile ile ya jinsia. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa mwaka 2022. Neno lilikuwa moja katika vifungu vyote viwili. Kimoja kilitendwa, kingine hakikutendwa.

Sasa na tumfikirie mwananchi anayeisoma Katiba kwa Kiswahili, ambacho Ibara ya 7 inakitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ikiwa amefasiriwa kwa -ta- kila mahali, atasoma kwamba Rais "atalivunja" Bunge. Ataona halikuvunjwa. Atasema nini? Yamkini atasema kwamba Katiba ilibashiri vibaya, na ataendelea na shughuli zake. Akisoma kwamba Rais "sharti alivunje", ataona kwamba palikuwa na deni, na atauliza habari zake. Tena hawezi kujisaidia kwa kutegemea nakala yake, kwa sababu Ibara ya 259 inaeleza kwamba nakala za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo inayofuatwa. Mfasiri ndiye mlango wake wa pekee.

6. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mfasiri wa sheria asilitafutie "shall" neno moja la kulilingana, maana halipo. Kwanza aiulize sentensi kazi yake. Ikiwa ni wajibu, atumie "sharti", "lazima" au "hana budi" pamoja na umbo la -e, na ahakikishe kwamba kiima ni yule anayedaiwa. Ikiwa ni katazo, atumie -si- pamoja na -e, au "haruhusiwi". Ikiwa ni haki, aseme "ana haki ya". Ikiwa ni kuanzisha, "kutakuwa na" yatosha, au wakati uliopo. Ama -ta- iliyo peke yake, ibakie kwa mambo ambayo kweli yanangojewa. Na umbo likishachaguliwa kwa kazi fulani, lisibadilishwe kwa ajili ya kupamba maneno. Urembo wa insha ni hasara ya sheria.

Kazi hii ina haraka zaidi Tanzania, ambako marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sheria ya huko ya Tafsiri ya Sheria ilikuwa imekwisha kueleza, katika kifungu cha 53, kwamba "shall" ikitumika kumkabidhi mtu kazi, kazi hiyo lazima itekelezwe. Kanuni iliyofungwa kwenye neno la Kiingereza haiwezi kuvuka hadi Kiswahili bila kutajiwa umbo la Kiswahili litakaloibeba. Kulitaja umbo hilo, na kulitetea kwa ushahidi wa lugha yenyewe, ni wajibu wa idara kama zetu. Wanasheria wanajua ni nani anayedaiwa. Sisi tunapaswa kuwaonyesha jinsi Kiswahili kinavyodai.